Kutu Chini ya Pikapu ya Kitalu

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeanza kazi leo kwenye kitalu cha miche hapa Kibeta. Mkurugenzi, Mama Eufrazia, alinipokea kwa sala fupi, akanikabidhi madaftari matatu, mhuri, na kabati la chuma zinamokaa funguo za gari. Tuko wachache: dereva, msimamizi wa kitalu, vibarua wa kumwagilia, na sasa mimi. Mvua za vuli zikishika tutapeleka miche ya migomba na kahawa kwa wakulima wa Muleba. Mnyauko umemaliza bibanja vyao, mashamba yao ya migomba, kwa hiyo mwaka huu hakuna kuchelewa. Mama Eufrazia amelisema hilo mara tatu.

Kila safari ina fomu yake. Mstari wa mwisho umechapwa hivi: "Gari limekaguliwa na linafaa kwa safari." Chini yake ni sahihi ya karani. Niliuliza nani hukagua.

"Dereva anakagua, wewe unasaini," alisema Mama Eufrazia. "Adventina, usianze kazi kwa maswali."

Nimesaini moja.

Alhamisi, 19 Septemba

Jua kali. Miche imemwagiliwa mara mbili. Mwandiko wangu umesifiwa mbele ya mgeni.

Jumanne, 24 Septemba

Dereva wetu, Mzee Bartholomayo, simpendi. Naliandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema kwingine. Anakuja asubuhi akinuka rubisi ya jana, pombe ya ndizi, na kila safari anayo sababu ya kutoiendea. Wiki iliyopita ilikuwa matairi. Leo ni breki.

Nilipompa fomu aliisogeza mbali na macho yake, akaisoma mpaka chini.

"Sahihi nzuri. Ungeijua hii pikapu, mwanangu, ungeandika polepole kidogo."

"Mzee, pikapu haina shida," alisema Consolata kutoka mlangoni. "Wewe ndiye unayetaka kulala."

Consolata ndiye msimamizi wa kitalu, na ndiye rafiki yangu pekee hapa. Hajaolewa; anaishi na mama yake, ambaye amemleta mjini kutoka Kagoma ili awe karibu na hospitali. Kila siku saa nne anakwenda kumpa dawa na kurudi na ndizi mbili za kuchoma, moja yangu.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha tangu alfajiri. Kila mtu alifurahi isipokuwa Mzee Bartholomayo. Alitandika gunia chini ya pikapu, akaniita.

"Njoo uone unachokisaini."

Nilisema nina nguo za ofisini. Akasema gunia ni safi. Sikutaka vibarua wasikie mabishano, basi nikalala.

Sikuwahi kutazama gari kutoka chini. Kuna paipu nyembamba, haifiki unene wa kidole changu kidogo, inayotoka mbele na kufuata fremu hadi nyuma, halafu inagawanyika kwenda kila gurudumu. Humo ndimo mafuta ya breki yanamopita, alinieleza. Dereva akikanyaga, mafuta yanasukuma breki. Alichukua msumari akakwaruza kidogo. Paipu haikukwaruzika kama chuma. Ilibanduka kama gome la mti uliooza, vipande vyekundu vikaniangukia shingoni. Karibu na gurudumu la nyuma kushoto palikuwa na unyevu.

"Ni mvua," nilisema.

"Shika."

Nikashika. Ulikuwa unateleza.

Nilimuuliza kutu hii imetoka wapi, maana juu pikapu inang'aa. Akacheka bila furaha. "Juu wamepaka rangi. Hii ilikuwa gari ya kayabo, wale samaki wa chumvi wanaokwenda Kongo. Maji ya chumvi yalichuruzika humu miaka yote. Ofisi ikainunua kwa sababu ilikuwa rahisi."

Ziwa letu halina chumvi. Labda ndiyo sababu hakuna aliyewaza kutu ya namna hii alipokuwa anainunua.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimemwambia Mama Eufrazia. Alinisikiliza akiendelea kukunja barua.

"Bartholomayo ananung'unikia kila gari tangu nimjue. Lakini nitamwita Muharami aangalie. Tafuta njia ya bei nafuu, Adventina. Fedha zetu ni za miche."

Nilipata nafuu. Ni mtu mwenye haki, nilijiambia. Anasikiliza.

Jumamosi, 5 Oktoba

Fundi Muharami alikuja na koleo na tochi. Ni mtu mchangamfu, anaimba akiwa chini ya gari. Kazi ilimchukua muda wa kunywa chai. Alikata paipu inayokwenda gurudumu la nyuma kushoto, akaikunja mara mbili, akaifinya kwa koleo mpaka ikawa bapa.

"Tayari. Haivuji tena."

"Na breki ya gurudumu hilo?" niliuliza.

"Hilo limepumzika. Yamebaki matatu. Bodaboda ina mawili na inafika."

Vibarua walicheka. Mzee Bartholomayo hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, na sasa najionea aibu. Fomu ya Jumatatu nimeisaini kabla Muharami hajaondoka.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Safari moja, Muleba. Walirudi salama.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua. Safari mbili. Walirudi salama.

Jumatatu, 14 Oktoba

Walirudi salama. Nimegundua kwamba kuanzia saa tisa sifanyi kazi yoyote. Nasikiliza geti.

Jumatano, 16 Oktoba

Kwenye faili la gari nimekuta namba ya mwenye pikapu wa zamani, Mayenga, mchuuzi wa samaki kwenye visiwa vya Muleba. Nilimpigia nikiwa nimejifungia stoo. Nyuma yake zilisikika injini za mitumbwi.

"Ile nyeupe? Bado inatembea?" Alishangaa kweli. "Dada, ile nilibebea chumvi miaka sita. Mimi nilikuwa naendesha huku tambarare ya mwaloni wanakoshushia samaki, siendi nayo mlimani."

"Uliwaambia hivyo ulipoiuza?"

"Walinunua kwa macho. Walipiga teke matairi, wakaomba nipunguze bei, nikapunguza. Nani aliniuliza breki?"

Nilimshukuru.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimekwenda gereji kwa Muharami baada ya kazi, peke yangu. Nilitaka kumlaumu. Alinipa kiti na kitambaa cha kufutia viatu.

"Uliniambia nifanye cha bei nafuu, nikakufanyia," alisema. "Hukuniuliza kilicho sawa. Ukiniuliza, nakwambia."

Nikamuuliza. Niliandika kila kitu, na nanakili hapa nisije nikasahau kwamba nilijua.

Kufinya ni kwa kufikia nyumbani tu, si kwa msimu mzima. Kuna wanaoweka kipande cha paipu ya shaba ya friji katikati ya paipu ya zamani. Ni rahisi kuliko vyote, na kinapasuka bila taarifa, maana shaba ile haikutengenezwa kwa msukumo wa breki. Wengine wanang'oa paipu kwenye gari lililokufa, lakini mtu ananunua kutu ya mwenzake. Paipu zilizokatwa na kukunjwa tayari kiwandani ni nzuri, ila kwa gari hili hazipatikani karibu, na bei yake Mama Eufrazia hataisikia. Njia ya maskini iliyo sawa, alisema, ni roli moja ya paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Haishiki kutu. Inakunjika kwa mkono. Roli moja inatosha gari zima. Fundi anapima, anakata, anavisha nati, anapanua mdomo wa paipu mara mbili kwa kifaa chake. Kifaa anacho kaka yake. Siku mbili za kazi. Roli inatoka Mwanza.

"Tubadilishe ile moja tu?" niliuliza.

"Zote zililala kwenye chumvi ileile. Ukibadilisha moja, unangojea ya pili. Na gari hili ni la zamani, mafuta yote yanatoka kwenye mkebe mmoja. Ile ndefu ya kwenye fremu ikipasuka, hakuna kinachobaki."

Alilisema bila kuimba.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mama Eufrazia amesoma maelezo yangu. "Vizuri sana. Tutafanya baada ya msimu."

Msimu unaisha Desemba.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Safari moja. Walirudi.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo nilitumwa Muleba kupeleka orodha za wakulima wilayani, nikapanda pikapu kwa mara ya kwanza. Nyuma kulikuwa na miche mia nne.

Tulipoondoka nilikuwa namtazama Mzee Bartholomayo kama mtuhumiwa. Baada ya kilomita chache nilianza kuelewa ninachokiona. Hakanyagi breki. Kabla ya kila mteremko anashusha gia hadi injini inalia, mkono wake umekaa kwenye breki ya mkono, na macho yake yako mbali mbele, anatafuta watu. Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ya mvua. Ndiyo maana anarudi amechoka vile. Ndiyo maana jioni anakunywa.

Baada ya Kemondo tulikuwa tunashuka nyuma ya lori la mkaa. Mwanamke alitoka kwenye migomba, mtoto mgongoni, mkungu kichwani, akaanza kuvuka bila kugeuka. Mzee alikanyaga. Niliona goti lake likienda chini zaidi ya inavyotakiwa. Akakanyaga tena, na tena, kama mtu anayepiga pampu ya baiskeli, na mkono wa kushoto ukavuta breki ya mkono. Pikapu ilijipinda, ikasimama upande upande. Yule mama alikuwa karibu na taa yetu kiasi kwamba niliona maji yakidondoka kwenye mkungu.

"Mulembe," alitusalimu, akaendelea na njia yake.

Mzee Bartholomayo alizima injini.

"Mara ngapi imekuwa hivi?" niliuliza.

"Hii ya nne."

"Kwa nini husemi?"

"Nimesema tangu Juni, mwanangu. Kwako nilisema Septemba. Mtu akinuka pombe, hasikilizwi."

Alilisema bila hasira. Aliongeza mafuta ya breki kutoka kwenye chupa aliyoinunua mwenyewe, tukaendelea kwa gia ya pili mpaka Muleba.

Alhamisi, 31 Oktoba

Sikusaini.

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mengi, lakini nilipowekewa fomu nilisema tu, "Halifai, Mama." Alininyooshea kalamu. Nikasema tena.

"Wewe bado uko kwenye majaribio," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Alichukua fomu mwenyewe. Alishika kalamu juu ya ule mstari kwa muda mrefu. Halafu akaiweka chini bila kusaini, akasema tuagize roli.

Nimeliwaza hilo mchana kutwa. Jina langu lingeweza kukaa pale. Lake halikuweza.

Jumanne, 5 Novemba

Roli imeagizwa. Miche inapelekwa kwa toroli na bajaji hapa karibu tu, Muleba wanasubiri. Wakulima wanapiga simu, na mimi ndiye ninayepokea.

Ijumaa, 8 Novemba

Roli haijafika. Senene wameanza kuruka, kila mtu ana ndoo ya kuwakusanyia. Consolata hakuja, mama yake amezidiwa.

Jumatano, 13 Novemba

Kutoka Mwanza wanasema mzigo ulipakiwa basi lingine. Labda Jumatatu. Mama Eufrazia amekwenda Dodoma kwenye mkutano. Funguo za pikapu ziko kwenye kabati, na ufunguo wa kabati ninalala nao.

Alhamisi, 14 Novemba

Mama yake Consolata amefariki leo saa nane mchana.

Jumamosi, 16 Novemba

Nataka kuandika yote kwa utaratibu.

Walikuja saa mbili asubuhi. Consolata alikuwa amejifunga khanga kiunoni, amesimama getini, haingii. Aliyeingia ni kaka yake, Eliud, mwalimu, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Walivua kofia. Walinisalimu kwa heshima ambayo sijawahi kusalimiwa na watu wa umri ule.

"Tumekuja kuomba gari, waitu," alisema Eliud, kwa neno letu la heshima. "Maawe, mama yetu, analala kwao Kagoma leo. Shimo limechimbwa. Gari tulilokodi limeharibika tangu jana, na hili la ofisi ya dada yetu liko hapa."

Sijui kama mtu asiyetoka kwetu atalielewa hili. Gari la kazi unaweza kukataa kulitoa kwa harusi, kwa mgonjwa ukaeleza, kwa mkubwa ukaomba radhi. Kwa msiba halikataliwi. Kijiji kizima cha Kagoma hakijashika jembe tangu Alhamisi, kinamngoja. Nimekua nikiona watu wakishusha mizigo yao barabarani ili jeneza lipande. Sijawahi kusikia mtu aliyesema hapana, wala sijui anaitwaje mtu wa namna hiyo.

Nikasema gari ni bovu, breki hazifai, paipu mpya iko njiani.

"Tutakwenda polepole," alisema Eliud.

"Ni milima, Mwalimu. Na mvua."

"Tutakwenda polepole sana."

Nilimgeukia Mzee Bartholomayo. Alikuwa amekwishavaa koti lake jeusi. Nilijua ndiye atakayenisaidia. Ndiye aliyenilaza chini ya gari lile.

"Nipe funguo, mwanangu," alisema.

"Mzee, wewe mwenyewe ulinionyesha."

"Nilikuonyesha kwa ajili ya miche. Miche inangoja. Maiti haingoji. Nitashusha gia, nitakwenda nalo kama nilivyokwenda."

"Watapanda wangapi?"

Aligeukia geti. Getini nilikuwa nawaona: mashangazi wameshika mabeseni, mke wa Eliud, Joviana, na watoto wake wawili wamevaa soksi nyeupe. Wote walikuwa wanangoja kupanda kuzunguka jeneza, kama inavyofanyika.

Nilimpigia Mama Eufrazia. Alikuwa ndani ya mkutano, akanong'ona. "Msiba wa Consolata? Wape mara moja. Usiniaibishe mbele ya watu."

"Mama, naomba uniandikie ujumbe kwamba wewe ndiye umeruhusu gari liondoke."

Nilisikia mtu kwenye kipaza sauti akizungumzia mbegu bora. Kisha simu ikakatika. Nilingoja ujumbe. Eliud alingoja. Wazee walisimama mvuani bila kofia. Ujumbe haukuja.

"Siwezi," nilisema.

Sikuwa jasiri. Naliandika hili ili nisije baadaye nikajidanganya. Niliwaogopa watu wale. Ila niliuogopa mteremko zaidi.

Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kwa Kihaya mimi ni binti wa nani. Eliud akamwambia. Yule mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka jina mahali pake, wakavaa kofia, wakatoka. Mzee Bartholomayo aliwafuata. Consolata hakunitazama. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho, upande wa uso wake.

Saa tano nilisikia kwamba walipata tipa la mchanga lililokuwa linakwenda Muleba. Mwenye mchanga alikuwa na haraka, hakukubali kuumwaga. Jeneza liliwekwa juu ya mchanga, likafunikwa turubai.

Nilipanda basi nikaenda Kagoma nikiwa wa mwisho. Walikuwa wamekwishazika. Nilikaa kwenye nyasi pamoja na wanawake, na waliokuwa karibu nami walikumbuka kazi jikoni, wakainuka. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilizungushwa. Aliyekishika alimpa wa kushoto kwangu, akanivuka, akampa wa kulia. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani benchi letu tulikaa mimi na mama yangu tu. Nyumbani aliniuliza, "Ungekosa nini kuwapa?" Nilitoka kwenda kuchota maji; hajawahi kulala chini ya pikapu ile.

Jumatatu, 18 Novemba

Roli bado. Mama Eufrazia amerudi na basi la asubuhi. Hakuketi.

"Nimepigiwa simu na mchungaji. Nimepigiwa na diwani. Mama wa mfanyakazi wangu amebebwa juu ya mchanga, na gari langu limelala hapa." Alifungua kabati kwa ufunguo wake. "Bartholomayo, washa. Tunakwenda Kagoma kuomba radhi. Na wewe utakaa nyuma yangu, njia nzima, uone linavyofika."

Alipanda mbele. Mimi nilipanda kwenye bodi nyuma yake kama alivyoagiza, naona miguu ya Mzee kupitia kioo cha nyuma. Nilikuwa nimekwisha kufikiri kwamba labda nimekosea, labda ni woga tu niliozaliwa nao, na nilikuwa karibu kutamani iwe hivyo.

Mzee Bartholomayo aliwasha. Hakuondoka. Ana desturi ya kujaribu breki gari likiwa limesimama. Alikanyaga mara moja, pedali ikasimama juu. Mara ya pili ikashuka nusu. Mara ya tatu nilisikia sauti ndogo chini ya miguu yangu, kama kijiti kikikatika, na mguu wake ukaenda mpaka sakafuni na kubaki huko.

Alizima. Mama Eufrazia alishuka, akapiga magoti kwenye tope na sketi yake ya safari, akatazama. Mafuta yalikuwa yanatoka kwenye ile paipu ndefu ya fremu, yanaenea juu ya maji ya mvua. Aliyagusa, akavisuguanisha vidole vyake kwa muda mrefu.

"Wangepanda wangapi?" aliuliza.

"Kumi na mmoja," nilisema. "Na jeneza."

Alisimama akijishika kwenye mlango. Nilidhani atalia. Alijifuta vidole kwenye leso, mmoja mmoja, akaikunja leso.

"Hili lisitoke nje ya geti hili," alisema. "Nilikuwa nimesema wapewe. Mnaelewa."

Tulielewa. Watu wataendelea kunijua kama walivyonijua Jumamosi.

Alhamisi, 21 Novemba

Roli imefika, imezungushiwa gazeti. Ni nyepesi mno.

Jumamosi, 23 Novemba

Muharami na Mzee Bartholomayo wamefanya kazi siku mbili. Waling'oa paipu zote, na nyingine zilikatika mikononi mwao kabla spana haijakaza. Nilimshikia Muharami tochi. Alipanua kila mdomo, akaupitisha kwenye ulimi kuona kama una ukwaruzo, na midomo miwili aliikata akaanza upya. Hakuimba. Mwisho walitoa hewa gurudumu kwa gurudumu, na lile la nyuma kushoto likapata breki tena. Mimi nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote mara hamsini, nikihesabu kwa sauti.

Jumatano, 27 Novemba

Fomu mpya zimechapwa. Mstari wa mwisho sasa unasema: "Dereva na karani watawajibika kwa hali ya gari." Mama Eufrazia amezileta mwenyewe, akaongoza sala. Sala yake bado ni nzuri. Nilifumba macho kama wengine, lakini sikuweza kuitikia.

Jumatatu, 2 Desemba

Consolata amerudi kazini. Alifanya kazi kitaluni asubuhi nzima bila kuinua kichwa. Saa nne hakukuwa na mtu wa kumpelekea dawa, na nilimwona akisimama katikati ya miche ilipofika saa hiyo, kisha akainama tena.

Mchana alikuja mlangoni kwangu.

"Mzee Bartholomayo ameniambia."

"Alikatazwa."

"Ameniambia." Alibaki amesimama. "Ilikatika kwa kukanyaga mara ngapi?"

"Tatu."

"Likiwa limesimama?"

"Limesimama."

Alianza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama anayehesabu miche. Eliud. Joviana. Watoto wawili wa Joviana. Shangazi wa Kagoma, shangazi wa Kamachumu. Alipofika kumi na moja alikuwa hana vidole vya kutosha, akajigusa kifuani.

"Kwa hiyo ulikuwa sahihi," alisema.

Nilifunga daftari.

"Lakini mama yangu alilala juu ya mchanga wa watu, Adventina. Kwenye kona mchanga ulikuwa unatembea, na Eliud amelala juu ya jeneza ili lisiteleze. Mwalimu mzima. Watu wa Kagoma walituona tunaingia hivyo. Na hilo nalo lilitokea."

"Najua."

"Usiniombe msamaha leo."

"Sitakuomba."

"Wala mimi sitakushukuru leo."

Alichukua fomu ya kesho juu ya meza, akaisoma yote, pamoja na mstari mpya. Miche mia nne, Kagoma. Akauliza nani amekagua. Nikamwambia ni mimi na Mzee, asubuhi, na tutakagua tena kabla ya kuondoka.

"Nitakwenda," alisema. "Sijarudi kaburini tangu siku ile."

Nilimwambia kiti cha mbele ni chake.

"Hapana. Nitakaa nyuma, pale jeneza lingewekwa."

Nikasema nitakaa naye. Hakukubali na hakukataa. Mvua imeanza tena sasa hivi, na nimesaini.